Harusi ya Mabati

Katika Jamhuri ya Ukarimu hakuna umaskini. Ulifutwa Jumatano moja kwa tangazo la redio, kati ya taarifa ya habari na matokeo ya mpira, na tangu siku hiyo anayeonekana kuwa nao huhesabiwa kuwa amechelewa kupata habari. Bei ya unga ilipopanda kabla ya Pasaka na kupanda tena baada yake, Waziri wa Fedha alieleza kwamba bei haijapanda. Ni wananchi waliokuwa wamesimama chini mno. Maneno "hali ngumu" yakaondolewa kwenye matumizi. Badala yake iliruhusiwa kusema "kipindi cha uchangamfu wa bei", na kwa wenye haraka, "uchangamfu" tu.

Kwa kuwa hapakuwa na maskini, hapakuwa na fungu la kuwasaidia. Hilo ni jambo la mantiki na hakuna aliyelipinga. Vituo vya yatima, zahanati za watawa na makao ya wazee vyote viliambiwa vijiunge na Jukwaa la Huruma, mtandao wa serikali ambamo mwenye shida hueleza shida yake, hubandika picha, na raia mwema hubonyeza kitufe chekundu na kuchanga kwa simu yake.

Jukwaa lilikuwa na sharti moja. Ukarimu ni nchi yenye itifaki. Hakuna choo cha shule kilichowahi kutumika pale kabla ya mgeni rasmi kukizindua, na wanafunzi wamejifunza kuvumilia. Kwa hiyo sheria ilisema kwamba mchango wowote wa hisani, hata wa mtandaoni, hautahesabika kuwa umetolewa mpaka mgeni rasmi afike.

*

Bi Leokadia Mbunda, msimamizi wa Makao ya Wazee ya Tulizana, alikuwa hapendi mambo ya kukisia. Alifundisha jiometri hadi alipostaafu, na hata sasa hakuweza kupita bwaloni bila kurudi nyuma kunyoosha kiti kilichopinda. Upepo ulipong'oa paa la bweni la wanawake, hakupiga yowe. Alitoka asubuhi kuangalia mabati yalikokwenda. Moja lilikuwa uwanja wa mpira, limelala golini. Jingine lilikuwa limekata kabichi za misheni vizuri kuliko jembe. Mengine hayakuonekana, ingawa mabanda kadhaa ya kuku jirani yalikuwa yamepata paa jipya.

Wanawake walihamishiwa bwaloni. Magodoro yaliwekwa chini ya meza za kulia chakula, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki.

"Mwalimu," alisema Bi Kresensia, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake na mdomo mkubwa kuliko umri wake, "mimi nimekubali kuzeeka. Nimekubali uji bila sukari. Lakini kufa chini ya meza kama paka, hilo sitaki."

"Hutakufa chini ya meza."

"Basi niezekee. Mvua haisomi jiometri."

Leokadia akaenda wilayani kumwona Afisa Huruma, Bwana Festo Kalulunga, mtu wa makamo mwenye tai pana na simu mbili, moja ya kazi na moja ya kutopokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuhusu paa."

"Shida yako nimeiona Jukwaani. Ni shida nzuri sana."

"Nzuri kwa vipi?"

"Ina upepo, ina wazee. Juzi mtu kaniletea shida ya mtaro. Sasa nani atalilia mtaro?" Alifungua ukurasa wa Tulizana kwenye kompyuta. "Na watu wamechanga! Angalia. Wauza nyanya, walimu, bodaboda. Paa lako limetimia tangu jana."

"Basi naomba fedha ninunue mabati."

Kalulunga alimwangalia kwa upole, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyeuliza kama anaweza kwenda kucheza ngoma.

"Mgeni rasmi hajafika, Mwalimu."

"Ni nani?"

"Mheshimiwa Naibu Waziri wa Hisani na Mapokezi. Yuko njiani."

"Alitoka lini?"

"Nimesema yuko njiani. Sikusema ametoka."

Leokadia alivuta pumzi. "Bwana Kalulunga, mchango huu uko mtandaoni. Hana haja ya kufika popote. Si abonyeze tu?"

"Abonyeze!" Kalulunga aliangalia kama mlango umefungwa. "Naibu Waziri? Kwa kidole chake? Bila bendi?"

*

Ni haki kusema kwamba waliochanga hawakuachwa gizani. Kila mmoja alipata ujumbe: "Asante. Mchango wako umeketi. Tafadhali msubiri mgeni rasmi." Chini ya ujumbe palikuwa na picha ya gari jeusi likikimbia barabarani bila kufika. Kwa kuwa kuondoka kabla mgeni hajafika ni utovu wa adabu, ukurasa haukufungika, na simu za wachangiaji zilipiga tarumbeta za bendi ya polisi mchana kutwa. Fundi cherehani mmoja alilazimika kupokea posa ya bintiye huku tarumbeta zikilia mfukoni mwake, na wakwe wakadhani wamefanyiwa mapokezi. Mahari ilipanda papo hapo.

Kalulunga alieleza kwamba ili mgeni apate mwendo, ni vema Tulizana ifungue mchango wa pili, wa mapokezi: hema, zulia, maji ya chupa, keki, na zawadi ya mgeni.

"Na huo wa pili unahitaji mgeni rasmi gani?" aliuliza Leokadia.

"Hauhitaji. Mapokezi si hisani, Mwalimu. Mapokezi ni wajibu."

Mchango wa mapokezi ulijaa kabla ya saa sita mchana, maana kila mwenye duka alitaka jina lake lisomwe mbele ya Mheshimiwa. Hema jeupe likasimamishwa uani, kubwa kuliko bweni lenyewe, likafunika majani matupu. Bi Kresensia alibeba godoro lake kichwani akaenda nalo. Mgambo akamzuia mlangoni.

"Bibi, hili hema la mgeni. Halilaliwi."

"Mgeni yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi nitamlindia."

"Kila kilichonunuliwa kwa mapokezi ni mali ya mgeni, Bibi. Hata kivuli chake."

Bi Kresensia alikitemea mate kivuli cha mgeni, akarudi chini ya meza.

Kisha Naibu Waziri akahamishiwa Wizara ya Mifugo. Gari jeusi kwenye ukurasa lilirudi mwanzo wa barabara na kuanza upya, likiwa na abiria mwingine. Hema likakunjwa na kupelekwa Mifugo, likifuatwa na zulia na keki. Fedha za paa, Kalulunga alisema, zisingeweza kurudishwa kwa wenyewe kwa sababu zimekwisha kuketi. Zitapumzishwa Hazina mpaka mgeni mpya atakapotoka.

Siku hiyo manyunyu yalianguka kidogo, kama ya kujaribu. Wanawake wa Tulizana walikwenda kusimama mlangoni mwa bwalo na kuliangalia bweni lao likilowa kwa ndani. Bwalo lenyewe lilivuja pembe mbili. Leokadia alijua kwamba masika yakishuka sawasawa hapatakuwa na mahali pakavu pa kuwaweka, na kwamba wale wenye vifua vibovu hawatafika Juni. Alinyoosha viti.

*

Asubuhi iliyofuata simu yake ililia. Alikuwa ameingizwa, bila kuulizwa, kwenye kundi la mtandaoni liitwalo "Kamati ya Harusi ya Debora na Ignasi". Ujumbe ulisema: "Mpendwa Mwalimu, familia ya Bwana Festo Kalulunga inayo furaha kukujulisha kuhusu harusi ya binti yao. Mchango wako wa hali na mali unahitajika. Kadi ya singo ya mtu mmoja na kadi ya dabo ya watu wawili zipo. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa."

Leokadia alituma fedha kabla hajamaliza kusoma. Kidole kilikwenda chenyewe. Alikuwa amekunywa chai ya rangi bila kitafunwa, pensheni yake ilikuwa imechelewa, na Debora hakumjua hata kwa sura. Akakaa akikitazama kidole chake kama mali ya mtu mwingine.

Akaperuzi kundi. Walikuwamo wote. Wauza nyanya, walimu, bodaboda, hata yule fundi cherehani, na kila mmoja alikuwa ametoa au anaomba radhi kwa kuchelewa. Mchumi wa benki ya taifa, ambaye wiki ile ile alikuwa ameandika gazetini kwamba wananchi hawana tena akiba yoyote, alikuwa amelipia dabo.

Akampigia Kalulunga.

"Mchango wangu umefika?"

"Umefika, Mwalimu! Mungu akuzidishie. Umeingia hapo hapo."

"Haukuketi?"

Kalulunga alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, hii ni harusi. Harusi si hisani."

"Ni nini?"

"Ni... ni harusi bwana. Nani atathubutu kuidhibiti? Waziri mwenyewe ana mabinti sita."

Leokadia alikata simu. Wakati wa chakula cha mchana alisimama mbele ya bwalo, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Nani hapa anataka kuoa?"

Mzee Pantaleo, aliyekuwa dereva wa greda enzi barabara zilipokuwa zikichongwa, alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

"Nipo, Mwalimu."

"Unaye unayemtaka?"

"Nipe yeyote, ila si Kresensia. Yule ana mdomo."

"Na mimi simtaki," alidakia Bi Kresensia kutoka meza ya pili. "Anakunywa chai kwa kelele, utadhani greda linapanda mlima. Na anavaa soksi moja ya bluu na moja ya kijivu."

"Umejuaje soksi zangu?"

"Nimeziangalia."

"Kwa nini umeziangalia?"

Bi Kresensia alikoroga uji wake kwa bidii kubwa, ingawa haukuwa na kitu cha kukoroga. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha meza nzima.

Leokadia alieleza jambo lote kama anavyoeleza hesabu, bila kuficha hatua. Alisema pia kwamba yeye hafanyi mambo ya uongo: ndoa itakuwa ya kweli, mbele ya padri, au haitakuwepo, na paa litatafutiwa njia nyingine. "Nakuuliza wewe, Bi Kresensia, si kwa ajili ya bweni. Unamtaka?"

"Asimame kwanza nimwone."

Mzee Pantaleo alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sitapika," alisema Bi Kresensia.

"Nani amekuomba upike?"

"Nakuarifu mapema. Na hizo soksi utanipa nizipange."

"Zipange," alisema Mzee Pantaleo, na sauti yake, iliyokuwa imezoea kushindana na injini, ikatoka ndogo.

*

Kamati iliundwa jioni ile ile. Wazee wa Tulizana, ambao Jukwaani walitajwa kuwa hawana ndugu, walitoa namba za simu za ndugu mpaka mwandishi wa kamati akaomba kupumzika. Wapwa ambao hawakuwahi kumtembelea shangazi yao tangu aingie makao walijikuta kundini, na mmoja wao, ambaye paa lilipong'oka alijibu kwamba kila mtu anabanwa, sasa alilalamika kwa nini ametajwa chini ya mpwa mdogo. Alilipia dabo mbili kurekebisha heshima yake. Ilionekana wazi kwamba mtu akiacha kuchangia bweni la wazee, amefanya uamuzi wa kiuchumi. Akiacha kuchangia harusi, ametangaza vita na ukoo. Uchangamfu wa bei ulikuwa umewamaliza wananchi wote isipokuwa waalikwa.

Ukumbi wa kukodi ulikataliwa na bibi harusi, aliyesema anataka kusherehekea mahali anapopajua. Bweni la wanawake likatangazwa kuwa ukumbi. Katika bajeti ya harusi yoyote ya Ukarimu, kifungu kinachokula zaidi ni mapambo ya ukumbi, na hakuna kamati iliyowahi kuuliza mapambo hayo ni nini hasa. Leokadia hakutaka kuwa wa kwanza kuuliza. Aliagiza mbao, misumari na mabati. Kwa kuwa duka lilibakiwa na mabati ya kijani tu, rangi rasmi ya harusi ikawa kijani, wasimamizi wakashonewa kijani, na mafundi waliopanda juu kuezeka walivaa fulana za kijani ili wasiharibu picha.

Padri aliwafungisha Jumamosi asubuhi, wiki moja baada ya harusi ya Debora. Mchana pilau likapakuliwa bwenini, chini ya paa jipya linalonuka kiwanda, mshereheshaji akiwa amevaa suti inayometameta na kupiga kelele kama mtu aliyelipwa kwa neno. Bwana Kalulunga alifika na mkewe kwa kadi ya dabo. Walipotangazwa, waliingia wakicheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, wakaweka seti ya glasi miguuni mwa maharusi, wakaketi.

Kalulunga alikuwa katikati ya paja la kuku alipoinua macho. Taya zikasimama.

"Mwalimu. Haya ni nini?"

"Mapambo."

"Ni mabati."

"Ni mapambo ya mabati."

Kalulunga alijifuta mikono taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma kanuni. "Mwalimu, harusi halali haibakizi kitu. Mimi ya Debora imeniachia madeni na mifuko ya barafu iliyoyeyuka, hakuna hata ua la plastiki lililobaki. Ndivyo inavyojulikana kuwa ni harusi. Ikibakiza kitu cha kumfaa mtu, hiyo ni hisani iliyovaa shela, na hisani inamsubiri mgeni rasmi." Akashusha sauti. "Mapambo hung'olewa sherehe ikiisha. Kesho asubuhi nitaleta vijana na nyundo. Nisamehe. Kuku ni mzuri."

Meza za jirani zilikuwa zimesikia. Wanawake walio na vifua vibovu waliacha kula. Leokadia aliliangalia paa, kisha akamwangalia Afisa Huruma.

"Tuanze na maana," alisema. "Sherehe huisha lini?"

"Maharusi wakitoka ukumbini. Hilo hata mtoto anajua. Mshereheshaji anawaaga, muziki unapigwa, wanatoka, imekwisha."

"Na wasipotoka?"

"Watatoka tu, Mwalimu. Kila mtu ana kwake, watakwenda—" Akasita.

"Kwao ni hapa," alisema Leokadia.

Bi Kresensia, chini ya shela ya kijani, alijisogeza vizuri kitini kama kuku anayeatamia. "Mimi sitoki."

"Bibi, utachoka."

"Nilianza kuchoka kabla hujazaliwa, mjukuu wangu. Lete soda."

*

Vijana walifika Jumapili na nyundo zao. Mshereheshaji, ambaye alikuwa amelipwa mpaka mwisho wa sherehe na hakuona dalili ya mwisho, aliamka kitini na kushika kipaza sauti kabla hajafungua macho vizuri.

"Na sasa tunawapokea wageni wetu kutoka wilayani! Wanaingia na zawadi! Tuwapokee kwa vigelegele!"

Muziki ukalia. Wanawake wote wa bweni wakapiga vigelegele, na hakuna kijana wa Ukarimu aliyelelewa vizuri anayeweza kusikia hivyo akabaki amesimama wima. Waliingia wakicheza. Walipofika mbele ya maharusi wakatambua kwamba mikononi mwao hamna kitu kingine. Waliinama, wakaziweka nyundo miguuni mwa bibi harusi, wakala pilau la jana, wakaondoka.

Wizara ya Hisani ilitafakari. Mwanasheria wake mkuu alithibitisha kwamba harusi ipo, haijaisha, na serikali haiwezi kuingia ukumbini kwa jambo la kikazi wakati sherehe inaendelea. Kalulunga aliagizwa afike kila Jumatatu kuhakiki kama bado inaendelea. Na kwa kuwa hakuna anayeingia harusini mikono mitupu, kila Jumatatu aliingia akicheza na chupa ya chai, au blanketi, au sufuria. Makao ya Tulizana hayajawahi kuwa na vyombo vizuri kama sasa. Nyundo zilitumika kutengeneza vitanda.

Kitanda cha maharusi kiliwekwa pembeni, nyuma ya pazia. Nje ya pazia viti vyao viwili vilibaki palepale, na mmoja wao alipokwenda msalani mwingine alikaa. Walikuwa wakigombana kuhusu chai, soksi, na kama dirisha lifunguliwe. Wapwa walianza kuja kuwasikiliza, na wengine wakazoea kuja.

Masika yalishuka siku ya Jumatatu. Kalulunga aliingia akiwa amelowa mpaka kwenye tai, akacheza hatua zake bila roho, akaweka taulo mbili miguuni mwa maharusi. Safari hii hakuuliza kama sherehe inaendelea. Alisogea karibu na kiti cha Leokadia na kusema jambo mdomo ukiwa karibu umefungwa.

"Sikusikii," alisema Leokadia. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kama mawe.

Kalulunga aliangalia kushoto na kulia, akarudia. Mzee Pantaleo aliweka kiganja nyuma ya sikio. Bi Kresensia akamwashiria mshereheshaji, naye, kwa heshima zote zinazomstahili mgeni wa serikali, akampa kipaza sauti.

Afisa Huruma alikishika kwa mikono miwili. Bweni zima lilimgeukia.

"Nimesema," sauti yake ilinguruma toka ukuta hadi ukuta, "ofisi yetu inavuja. Karani wangu ni mjane, na mlinzi hajaoa."